Vitunguu Vilivyolala

Bustani haikuwa na kitu. Hilo ndilo la kwanza ambalo Ussi bin Shamte alilitilia shaka alipoingizwa uani kwa Bi Nunu binti Awadh, pale Kirongwe, siku ya tatu tangu Hamdu azikwe. Huko Chole kwa Liwali walikuwa wamemwambia kwamba mjane huyu anapanda maua ya ng'ambo yenye sumu, na njia nzima, mashuani na juu ya punda, alikuwa akiwaza majani mapana na maua ya rangi kali. Alichokikuta ni matuta ya mchanga mweupe uliosawazishwa vizuri, juu yake paa la makuti lisilo na kuta. Hapana jani, hapana ua. Kwenye tuta la mwisho palikuwa na shimo moja, ukubwa wa kichwa cha mtoto, mchanga wake umetupwa pembeni.

Askari wa boma aliyekuwa akimlinda mjane alisimama mlangoni, akitafuna muwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekuja kunipeleka kunyongwa?"

"Mimi ni Ussi, mtu wa Liwali. Kazi yangu ni kuuliza. Kunyonga ni kazi ya Mdachi."

"Basi uliza. Kahawa sikupi, maana najua hutainywa."

Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, uso mkavu, na hakuonyesha hofu. Ussi hakulipenda hilo. Mtu asiye na kosa akishikwa huogopa kuliko mwenye kosa. Hayo aliyaona mara nyingi.

Shtaka lilikuwa jepesi kulieleza. Hamdu, shemeji yake Bi Nunu, mwenye ghala la mbata kubwa kuliko yote upande ule wa Mafia, alikutwa alfajiri amekufa ghalani, ameegemea gunia. Akazikwa siku ile ile. Alasiri, Chiku, mtumishi wa nyumbani kwake, akaokota nusu ya kitunguu kikubwa chekundu jikoni, nyuma ya chungu cha uji, nacho si kitunguu cha kuliwa. Pwani nzima hapana aliyekuwa na vitunguu vya namna ile ila Bi Nunu. Tena kila mtu Kirongwe alijua kwamba yeye na Hamdu waligombana mbele za watu juu ya shamba la minazi alilopewa na marehemu mumewe, Abeid, kuwa mahari yake. Muhidini, mdogo wao Hamdu na Abeid, ndiye aliyekwenda kwa jumbe kushtaki.

"Umeving'oa lini vitunguu vyako?" Ussi aliuliza.

"Sikuving'oa. Vimo humo. Vimelala."

"Vimelala?"

Bi Nunu alichutama kando ya tuta, akapitisha kiganja juu ya mchanga bila kuuvuruga. "Hivi si vya kwetu. Mume wangu alivileta kutoka Iskandaria alipokuwa serahangi wa meli. Pwani za kule mvua hunyesha wakati wa baridi, na kiangazi chao hukausha kila kitu. Basi vimezoea. Pakikauka huacha majani yafe, vikalala chini. Pakipata unyevu huamka. Vya kwanza vilituozea vyote, maana masika yetu ni maji mengi mno. Ndiyo maana ya paa hili. Ndiyo maana ya mchanga wa pwani na matumbawe yaliyopondwa. Nikivimwagia maji vikiwa vimelala, nimeviua."

"Na maua?"

"Mara moja tu tangu tuvianze. Mlingoti unaonifika begani, hauna jani hata moja, umejaa nyota nyeupe toka chini mpaka juu. Watu walikuja kutazama. Wengine walisema ni uchawi, wakaja tena kesho yake kutazama."

Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na uhai. Ussi akaikata.

"Na sumu, mama?"

"Vipo vya aina mbili. Vyeupe ni dawa. Vyekundu ni vya panya. Kila mwenye mbata hapa huja kwangu kununua unga wake, maana panya wangetumaliza. Hamdu alikuwa wa kwanza kununua."

"Basi mtu akila chekundu, hufa."

"Panya hufa. Mtu hutapika."

"Tofauti yao nini?"

"Umewahi kumwona panya akitapika? Hawezi. Kinachoingia hakitoki. Mtu, paka, mbwa, hukirudisha kabla hakijamfanya kitu."

"Neno zuri sana hilo," alisema Ussi, "kwa mtu anayetaka kuokoa shingo yake."

Bi Nunu aliinuka. Aliingia ndani, akarudi na kibuyu cha mafuta ya nazi na kipande cha kaniki. Akajipaka mafuta viganja vyote, mpaka juu ya vifundo vya mikono, akazungusha kaniki, kisha akachimba kwa kijiti mahali ambapo Ussi hakuona alama yoyote. Kitunguu kilikuwapo. Kilikuwa kizito, maganda yake mekundu kama damu iliyoganda.

"Mafuta ya nini?"

"Utomvu wake unawasha. Ukiugusa kwa mikono mitupu utajikuna siku nyingi, na malengelenge yatakutoka." Akakata kipande chembamba kama ukucha, akakiweka juu ya jani la mgomba. "Kionje. Au unadhani nami nakuua?"

Ndivyo hasa Ussi alivyodhani. Lakini askari alikuwa akitazama, na kesi nzima ilikuwa katika kile kipande. Alikitia mdomoni.

Uchungu ulimpiga kwanza, uchungu wa kufumba macho, hata akajiuliza ni uji gani duniani ungeweza kuuficha. Kisha ulimi ukaanza kuchomachoma. Akameza kwa nguvu. Hakuwa amefika kwenye mtungi wa maji alipopiga magoti penye ukuta, akarudisha kila alichokula tangu jana. Kilipokwisha akatapika tena. Askari aliacha kutafuna muwa.

"Kipande kama ukucha," alisema Bi Nunu juu ya kichwa chake. "Wanasema Hamdu alikula nusu nzima."

Ussi alisukutua, akakaa chini kwanza. Alipoweza kusema tena, alirudi kwenye lile shimo. Matuta yote yalikuwa sawasawa. Kulia mwa shimo mchanga haukuguswa, kushoto haukuguswa. Hapakuwa na mahali pengine palipojaribiwa.

"Aliyechimba hapa hakutafuta," alisema. "Alijua kilipo, na alijua kwamba vyekundu viko tuta la mwisho. Nani anajua?"

"Mimi. Na marehemu mume wangu."

"Na nani?"

Bi Nunu alilitazama paa. "Aliyetubebea mchanga na kusimamisha paa, tulipoanza. Muhidini."

Ussi alimtazama. Mshtakiwa amemtaja mshtaki wake. Hilo nalo ni jambo rahisi kulisema. Hakulikataa, wala hakulikubali.

Shaabani, mwosha maiti wa Kirongwe, alikutwa barazani kwake akidarizi kofia. Alikuwa mtu wa maneno machache, na alipoulizwa juu ya maiti alitua sindano kabisa.

"Mtu aliyesitiriwa hafai kusemwa."

"Mzee wangu, kuna mama anaweza kunyongwa."

Shaabani aliiweka kofia kando. "Kanzu yake ilikuwa safi. Ndevu safi. Mkeka aliolazwa, mimi mwenyewe niliukunja, na ghalani nilifika kabla ya watu kujaa. Hapakuwa na uchafu."

"Hakutapika?"

"Hata mate."

"Na mwili?"

"Midomo imepiga weusi. Miguu imevimba maji. Ukibonyeza, kidole kinaacha shimo. Tumbo vile vile. Sisi hatukushangaa. Tangu masika yule bwana hawezi kufika msikitini bila kupumzika njiani. Kilichotushangaza ni kwamba katikati alipata nafuu. Maji yalimtoka, akawa anatembea, akaanza hata kuwafokea watu kama zamani. Halafu siku hizi za mwisho yakamrudia yote kwa pamoja."

"Alipata nafuu kwa dawa gani?"

"Hakusema. Nilimuuliza, akacheka."

Ussi alimshukuru, akapanda punda wake, akarudi mbio kwa Bi Nunu. Hakubisha hodi mara mbili.

"Ulikuwa unampa dawa."

Bi Nunu alikuwa akilisawazisha tuta. Mkono wake ulisimama. "Nani kasema?"

"Mama, usiniulize. Vyeupe ni dawa, umesema mwenyewe. Dawa ya nini?"

"Ya maji mwilini. Na ya moyo uliochoka," alisema hatimaye. "Kinapikwa kwa siki na asali, kidogo sana. Alikuja uani kwangu, anahema, kofia mkononi. Akaniapisha nisimwambie mtu. Angemwambiaje mtu kwamba anayemdai shamba ndiye anayempa pumzi?"

"Nawe ukampa, naye anataka kukunyang'anya shamba?"

"Alikuwa mgonjwa."

"Kwa nini hukuniambia tangu asubuhi?"

"Ningesema nilimpa chupa ya kitunguu kwa mkono wangu, ungenisikiliza mpaka mwisho?"

Ussi alijua kwamba asingemsikiliza. Lakini aliweka moyoni kwamba mwanamke huyu akitaka kuficha neno, hulificha.

"Vaa buibui lako," alisema. "Tunakwenda kwa Bi Zubeda."

Nyumbani kwa Hamdu matanga yalikuwa yanavunjwa. Wanaume walikuwa wameondoka, mikeka inakunjwa. Bi Zubeda, mkewe marehemu, alikuwa ndani katika eda, na Ussi alizungumza naye akiwa amekaa ukumbini, pazia la mlango likiwa kati yao. Bi Nunu alikaa kando na askari wake. Hakuna aliyemkaribisha.

Kwanza aliitwa Chiku. Alikuja amefunga mikono ndani ya kanga.

"Nionyeshe mikono, mwanangu."

Chiku alianza kulia kabla hajafungua. Vidole vya mkono wa kuume vilikuwa vimevimba, vyekundu, na malengelenge madogo yamepangana kwenye ncha zake. Askari alisogea hatua moja.

"Umefanya nini?" Ussi aliuliza.

"Wallahi sikufanya kitu! Nilikiokota tu. Nilidhani ni kitunguu cha mchuzi kimeanguka. Nilikishika, nikampelekea bibi, basi. Usiku nikaanza kuwashwa."

"Bibi alikigusa?"

"Hakukigusa. Alipiga kelele."

Ussi aliigeuza ile mikono. Kiganja kilikuwa kizima. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Kucha hazikuwa na dalili ya kuchimba chochote. Alimwachia.

"Kajipake mafuta ya nazi. Na uji wa bwana wako asubuhi ile, nani aliupika?"

"Mimi. Lakini hakuunywa. Alikwenda ghalani kabla haujaiva."

Nyuma ya pazia Bi Zubeda alishusha pumzi. Ussi aliisikia. Kwa hiyo kitunguu kilikutwa karibu na uji ambao hakuna aliyeunywa, na watu wote walikuwa wamemkazia macho mjane wa bustanini, hakuna aliyeuliza.

Muhidini aliingia kutoka nje, kanzu ya mikono mirefu, uso wa msiba. Alipomwona Bi Nunu alisimama.

"Huyu anafanya nini nyumbani kwa marehemu?"

"Nimemleta mimi," alisema Ussi, akainuka, akanyoosha mkono. "Pole na msiba, Bwana Muhidini."

Muhidini aliweka mkono kifuani, ameuficha ndani ya mkono wa kanzu. "Nimeshapoa. Niwie radhi, mikono yangu ina dosari. Korosho. Mafuta yake yameniunguza nilipokuwa nikibangua."

"Pole tena. Za shambani kwako?"

"Za shambani, ndiyo. Tulizichuma juzi juzi."

"Na uani kwa Bi Nunu, hujapita karibuni?"

"Sijakanyaga pale tangu kaka yetu Abeid afe. Nilimwapia jumbe hivyo hivyo."

"Ndivyo nilivyosikia." Ussi alikaa tena, taratibu. "Asubuhi hii nimepita chini ya mikorosho ya Kirongwe tangu jua kuchomoza. Ndiyo kwanza inachanua. Nyuki wamejaa. Sikuona hata korosho moja. Labda ya kwako huzaa kabla ya ua."

"Nilikusudia za mwaka jana."

"Za mwaka jana, ulizozichuma juzi juzi."

Ussi aliinuka tena.

"Nionyeshe mikono, bwana."

"Mimi ndiye niliyeshtaki! Utanikagua mimi?"

"Nimekwisha mkagua mtoto wa jikoni. Wewe nani usikaguliwe?"

Askari hakungoja amri. Alivuta ile mikono ya kanzu juu, na mikono ya Muhidini ikatoka mwangani ikiwa inang'aa mafuta ya nazi. Malengelenge yalijaa viganja vyote viwili, katikati ya vidole, mpaka juu ya vifundo. Mengine yalikuwa yamepasuka kwa kukunwa.

"Chiku ameokota nusu, akawashwa ncha za vidole," alisema Ussi. "Wewe umewashwa mpaka kwenye kifundo, mikono yote miwili. Hiyo ni mikono ya mtu aliyefukua mchanga, akakishika, akakikata. Ulijua kilipo, maana mchanga ule uliubeba mwenyewe. Lakini waliokuwa wakiving'oa siku zote ni kaka yako Abeid na mkewe, kwa hiyo hukujua habari ya mafuta."

"Nilichukua cha panya! Ghala limejaa panya!"

"Kumbe ulikanyaga uani pale. Na hicho cha panya kilifikaje nyuma ya chungu cha uji, kaka yako akiwa kwenye jeneza?"

Muhidini aliishusha mikono ya kanzu.

"Hamdu hakula kitu kile," Ussi aliendelea. "Angekila angetapika mpaka ghala zima linuke, mimi nimekila leo, na huyu askari ni shahidi wangu. Alikufa kwa ugonjwa wake. Wewe ulikuta maiti, ukaona njia. Mama huyu hana mtoto wala ndugu kisiwani. Akinyongwa, shamba lake linabaki bila mwenyewe katikati ya mashamba mnayorithi ninyi."

"Muhidini." Ilikuwa sauti ya Bi Zubeda, nyuma ya pazia, nyembamba. "Ile chupa."

"Nyamaza, shemeji. Uko katika eda."

"Sema, mama," alisema Ussi. "Chupa gani?"

"Marehemu alikuwa na chupa ndogo, anaificha chini ya mto. Ananywa kidogo kidogo. Huyu alikuja kwangu akaniambia, hiyo imetoka kwa mjane wa Abeid, ni sumu ya polepole, imwage, wala usimwambie mumeo, atakasirika. Nikaimwaga karoni. Nikatia siki tupu mle mle, asijue." Vidole vyake vilishika ukingo wa pazia. "Baada ya hapo ndipo miguu ilipoanza kuvimba tena."

Ussi alimgeukia Muhidini. "Uliamini ni sumu?"

"Niliamini."

"Uliamini kaka yako anapewa sumu, ukamwambia mkewe peke yake? Hukumwambia mwenyewe? Hukumwambia jumbe? Ulimwona amepona, anatembea, na ukaamini ni sumu?"

Muhidini alitazama chini, akaanza kujikuna. Hakuweza kujizuia. Alijikuna mbele yao wote, na Ussi alijua kwamba hatajibu hapa wala Chole. Kwa kitunguu kilichowekwa jikoni palikuwa na shtaka: kuapa uongo, kutaka mtu asiye na hatia anyongwe. Kwa chupa iliyomwagwa karoni hakujua Mdachi angeliita nini. Aliyeimwaga hakuwa Muhidini.

"Mfunge," alimwambia askari. "Taratibu, mikono inamuuma. Bi Nunu, umefunguliwa. Nenda nyumbani kwako."

Bi Nunu aliinuka, akajifunika vizuri. Hakumtazama Muhidini alipopita. Lakini hakuelekea nje. Alisimama penye mlango wa ndani, akasema, "Hodi, Zubeda," kisha akainua pazia akaingia bila kungoja karibu.

Ussi alibaki ukumbini. Kwa kitambo alisikia kilio tu. Halafu sauti ya Bi Zubeda, imekatikakatika:

"Niambie kweli, Nunu. Ile dawa. Ilikuwa inamponya?"

Ussi aliacha kufunga ukanda wa mfuko wake. Alikumbuka alivyosema Shaabani, na alivyosema Bi Nunu mwenyewe uani, kwamba alikuwa akimpa Hamdu pumzi. Alingoja.

"Ilikuwa ya kikohozi tu, mwenzangu," alijibu Bi Nunu. "Asali na siki, ya kumlainisha kifua. Alipata nafuu kwa sababu kipupwe kilikuja, joto likapungua. Ajali yake ilikuwa imefika. Usijitie neno moyoni."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Sauti haikutikisika hata chembe. Ilikuwa sauti ile ile, kavu, iliyomwambia asubuhi kwamba panya hawezi kutapika, na ambayo Ussi aliikubali baada ya kupiga magoti penye ukuta. Alisimama pale akiwa na mfuko mkononi. Alilipitia upya kila neno aliloambiwa na mwanamke yule tangu asubuhi, moja moja, akilipima kwa alichokiona kwa macho yake: kanzu safi, uji usionywewa, mikono ya Muhidini. Vilisimama bila ya Bi Nunu. Vilisimama hata kama asingesema neno.

Akatoka nje, akamwambia askari waondoke.